Mkimbiaji wa Upande wa Pili

Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa anajichua goti kwa dawa ya mafuta, harufu ikapenya dirishani mwangu: kafuri, mkaratusi na kitu kingine kikali kinachochoma pua. Nilikuwa nachambua maharagwe. Niliacha, nikakaa tu mikono ikiwa ndani ya ungo. Sisi tuliokulia kule Busia na Tororo, siku ambazo bendera zilikuwa bado mpya na wengi wetu hatujawahi kuvaa viatu, kila mmoja ana harufu yake inayomrudisha nyumbani. Wengine ni pamba ghalani, wengine ni muhogo uliovundikwa ukaanikwa juu ya mwamba. Yangu ni hiyo ya mafuta ya kuchua. Ni harufu ya miguu ya baba yangu mdogo, Egesa, na kwa miaka mingi sikuweza kuinusa bila kukasirika.

Tulikaa Dabani, upande wa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Baba alikuwa katekista wa kigango chetu, mtu wa suti moja na baiskeli moja, na watu walikuja kwake kuamuliwa ugomvi wa mipaka ya mashamba kwa sababu walijua hatapindisha neno hata kwa ndugu yake. Egesa ndiye aliyekuwa huyo ndugu, kitinda mimba. Babu alipofariki Egesa alikuwa hajaota meno ya mbele, kwa hiyo baba ndiye aliyemlea, pamoja na mama yao, nyanya yetu, ambaye nyumba yake ilitazamana na ya kwetu uani.

Egesa alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji huko Tororo. Alirudi nyumbani Jumamosi akiwa na vumbi jeupe kwenye kope, na nyanya alizoea kumwambia, "Leo nimeletewa mzee." Alikuwa na miguu mirefu na mapaja kama ya fahali wa kulimia. Siku za michezo pale Tororo aliwashinda polisi, akawashinda vijana wa reli, akawashinda na wale waliotoka Mbale na viatu vya misumari, yeye akiwa pekupeku. Mwaka ule kiwanda kilimpa ruhusa aje nyumbani kujiandaa, na kila asubuhi, umande ukiwa bado njiani, nilisikia miguu yake ikipita nyuma ya jiko letu. Nilimuuliza nyanya anakwenda wapi.

"Kenya," alisema, akipuliza moto.

"Atarudi?"

"Kabla uji haujapoa."

Na kweli alirudi uji ukiwa bado unatoa moshi. Siku zile mpaka ulikuwa kitu cha kusikia tu. Nyanya mwenyewe alizaliwa ng'ambo ya mto Sio, upande wa Kenya, kwa Wasamia wenzetu, na alikwenda matanga ya kwao na kurudi kama mtu anayevuka kwenda kuomba chumvi kwa jirani. Kwa hiyo baba alipotuambia wakati wa chakula kwamba Egesa ameitwa kambini Kampala, ajiandae kwa mbio za yadi mia katika mashindano ya mataifa huko ng'ambo ya bahari, mimi nilielewa kwa akili yangu. Nilidhani mbio za mataifa ni kukimbia kutoka taifa moja hadi jingine na kurudi. Sikuona ni nani angeweza kumshinda Egesa katika jambo analolifanya kila siku kabla ya uji.

Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akijichua miguu, mimi nimemshikia kopo la mafuta. Alinishika mkono akanipeleka barabarani, akanisimamisha kwenye mfenesi na kunionyesha lango la kanisa.

"Ni kutoka hapa hadi pale tu."

Niliona nimedanganywa. "Pale tu? Hata mimi nafika."

"Kila mtu anafika, Nabwire. Kazi ni kufika wenzako wakiwa bado njiani."

"Na mimi nitajuaje kama umefika?"

Aliinama tukawa uso kwa uso. "Utanisikia kwenye redio. Watataja jina langu, halafu watasema Uganda. Ukisikia hayo mawili yamefuatana, ujue ni mimi."

Siku ya kuondoka nyanya alichinja jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa akiwafukuza wageni. Alitia maji mdomoni akampulizia Egesa kifuani na miguuni, akisema maneno ya Kisamia ambayo huambiwa mtu anayekwenda mbali. Baba naye alimwekea mkono kichwani akamwombea sala ndefu sana, na mama akanifinya kwa sababu nilifungua macho. Tulimsindikiza mpaka barabara kuu, wanawake wakiimba. Mimi nilibeba kopo lake la mafuta na nikampa alipokuwa ameshapanda kwenye lori. Nilikuwa mtoto pekee shuleni mwenye mtu anayekwenda kukimbia kwa ajili ya nchi, na nilihakikisha hakuna asiyejua.

Siku chache baadaye gari dogo jeusi lilisimama mbele ya kanisa. Alishuka bwana mmoja mnene mwenye miwani, akasema anatoka Kampala, anashughulikia wakimbiaji. Mimi niliwapelekea maji ya kunywa barazani. Walizungumza Kiingereza, lugha ambayo nilikuwa sijaifikia darasani. Bwana aliuliza jambo kwa upole. Baba alitazama upande wa shamba letu la pamba ambako mama alikuwa anapalilia peke yake, halafu akajibu kwa maneno machache. Bwana akauliza tena, kama mtu asiyeamini. Baba akajibu vile vile. Yule bwana alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Niliona ile heshima nikajua tu kwamba amekuja kutuambia Egesa ni hodari. Kesho yake niliwaambia wenzangu kwamba gari limekuja kwetu kutoka Kampala kumshukuru baba kwa kumlea baba mdogo.

Baadaye, pamba ikiwa imeanza kupasuka, mama mmoja aliyekuwa akileta samaki wakavu kutoka upande wa Kenya alipita na salamu. "Egesa anawasalimu. Yuko kambini, mzima kabisa. Anasema msikose redio."

Mama alimuuliza, "Kambi gani hiyo, ya Kampala?"

"Mimi nimeambiwa kambi tu," alisema mama wa samaki. Baba alikuwa anafunga magunia. Aliendelea kufunga.

Redio tuliisikiliza kwenye duka la Barasa, karibu na mpaka. Mbio zenyewe zilikimbiwa huko ng'ambo sisi tukiwa tumelala, na mchana wake stesheni ya Nairobi ikarudia matangazo kwa Kiswahili. Barasa aliiweka redio juu ya gunia la sukari mlangoni. Watu walijaa mpaka barabarani, wa huku na wa kule, wengine wameshikilia mbuzi wao wa mnadani. Baba alisimama nyuma kabisa na baiskeli yake. Nyanya miguu ilikuwa inamsumbua, tulimwacha nyumbani akisubiri habari.

"Nyinyi nyamaza kidogo," Barasa alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Watu nataka kusikia."

Mtangazaji alianza kutaja waliofika fainali, mmoja mmoja, na nchi zao. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, sikio karibu na kitambaa cha redio, nangoja yale mawili yafuatane. Alipofika Uganda alitaja jina ambalo hatukulijua. Watu walitazamana. Mtu mmoja akasema labda wamekosea, wazungu hawawezi majina yetu, na mwingine akamjibu kwamba anayetangaza si mzungu. Halafu nikasikia sauti ikisema, wazi kabisa, "Egesa." Nikaruka juu. Watu wote wakapiga kelele, Barasa akapiga meza, na katikati ya kelele hizo neno la pili likapita, wakalisikia waliokuwa karibu, likaenda nyuma kama upepo unavyolaza mtama. Kenya. Egesa wa Kenya.

Kelele zilikatika. Mbio zenyewe hata sikuzielewa. Bunduki ililia, umati wa huko ukavuma kama mvua juu ya bati, mtangazaji akasema maneno bila kupumua, kisha ikawa imekwisha. Ilikuwa fupi kuliko Baba Yetu. Mshindi alikuwa wa mbali, wa pili na wa tatu vile vile. Wa nne alikuwa Egesa. Yule wa Uganda alitajwa mwisho.

Watu wa upande wa Kenya walianza kushangilia, si sana, maana wa nne hana medali, lakini walishangilia. Mmoja alimgeukia Barasa akauliza, "Huyu kijana ni wa wapi?" Barasa alizima redio. "Alikuwa wa hapa," alisema.

Nilimtafuta baba. Alikuwa ameshaondoka na baiskeli.

Nyanya alitusubiri uani. Mama alimweleza taratibu, na yeye alisikiliza akiwa amekunja miguu juu ya mkeka. "Amefika wa nne katika dunia nzima," alisema, "nanyi mnaleta nyuso za matanga. Kwani Kenya si kwetu? Mimi nilizaliwa wapi?"

Baba alitoka ndani. "Mama, mambo yamebadilika sasa. Kila mtu ana nchi yake. Egesa ametusaliti."

Neno hilo nililijua kutoka katekisimu tu, na lilikuwa la mtu mmoja. Kesho yake shuleni watoto nao walikuwa wamelisikia. Waliniita mtoto wa Yuda mpaka likizo. Wale niliowaambia habari za gari jeusi ndio waliocheka zaidi. Sikumlilia mtu yeyote. Nilirudi nyumbani kila jioni na kumhesabia Egesa makosa: alikula jogoo wa nyanya, alipokea sala ya baba, aliniinamia akanitazama machoni akaniahidi, na muda wote alikuwa anajua.

Alikuja Jumapili moja, kavaa koti la buluu lenye nembo kifuani, amebeba mkate na blanketi la nyanya. Nyanya alimshika uso kwa mikono miwili. Baba alitoka kanisani akamkuta uani.

"Umetuuza," baba alisema. Hakupandisha sauti. "Ulitoka hapa na baraka zetu, ukaenda kuzivaa kwa watu wengine."

Egesa alimtazama. Mimi nilikuwa mlangoni kwa mama na nilimwona vizuri. Midomo ilifunguka, akamgeukia nyanya aliyekuwa amekaa pale na blanketi mapajani, akaifunga tena.

"Ni mimi niliyeuza, kaka?" aliuliza mwishoni.

Baba hakujibu. Niliona huo ndio ukuu wake, kwamba amemdharau mpaka hataki hata kumjibu. Egesa akaniona. "Nabwire, mulembe," alinisalimu, akanyoosha mkono. Niligeuka nikaenda nyuma ya jiko nikakaa huko mpaka niliposikia mama akisema kwaheri. Hakurudi tena Dabani. Tulisikia ameajiriwa polisi, ameoa, amejenga kwa wajomba zake karibu na Funyula. Nyanya alipofariki, Egesa alikuja usiku wa matanga, akasimama na watu wa nje, akaondoka mara baada ya maziko. Nyumbani jina lake likitajwa baba alisema tu, "Huyo alichagua," na mimi niliongezea mengine makali zaidi. Nilimpenda baba kwa namna hiyo. Nilikuwa upande wake.

Miaka ilikwenda. Nilikua, nikaolewa, nikawa navuka mpaka kila siku ya soko kuuza mchele. Siku moja nikiwa Busia ya Kenya mwanamke nisiyemfahamu alinijia, akasema yeye ni mke wa Egesa, amenijua kwa sura ya ukoo wetu, na mume wake amelala hawezi kusimama. Sijui kwa nini nilikwenda. Labda nilitaka kumwona ameanguka.

Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, yale mapaja yamebaki mifupa. Mke wake alikuwa anamchua kwa mafuta yale yale. Tulisalimiana kama wageni. Kisha nikamuuliza, kwa sababu sikuwa na salamu nyingine ya kumpa, kwa nini alitufanyia vile.

Alinishangaa. "Baba yako hajakuambia?"

"Kuniambia nini?"

Akanieleza bila haraka, akipumzika katikati. Kambini Kampala kulitokea maneno kwamba baadhi ya vijana wa mpakani si wa Uganda. Wakatumwa watu kuuliza makwao. Yeye alizaliwa ng'ambo ya Sio, nyanya alipokuwa amekwenda matanga ya kwao akashikwa na uchungu huko huko, akarudi na mtoto mgongoni baada ya majuma mawili. Ni watu wawili tu waliobaki wakijua hilo, nyanya na baba. "Bwana mmoja wa miwani akaniita," alisema. "Akaniambia, kijana, ndugu yako mwenyewe, mtu wa dini, amesema wewe ni wa kule. Fungasha. Ningerudije Dabani, na jogoo wa watu tumboni? Nikaenda kwa wajomba. Huko polisi waliniona nakimbia, wakanichukua."

Niliona lile gari jeusi, na mimi nimeshika sinia la maji.

"Jumapili ile," nikasema, "kwa nini hukusema?"

"Mama alikuwa amekaa pale. Nimwambie mtoto wake mmoja amemtoa mwenzake? Nikaona heri awe na msaliti mmoja wa mbali kuliko awe naye ndani ya nyumba."

Sikwenda kwangu siku ile. Nilivuka nikaenda moja kwa moja Dabani. Baba alikuwa amekaa nje, amezeeka, ana rozari mkononi. Nilimuuliza nikiwa bado nimesimama, na kapu la mchele kichwani.

Hakukana. "Niliulizwa amezaliwa wapi, nikajibu. Ulitaka niseme uongo?"

"Na kumwita msaliti ulikuwa ukweli?"

Alisogeza punje za rozari. "Mama yako alikuwa anapalilia peke yake," alisema. "Mimi na kanisa, yeye na pamba, na nyanya yako hawezi miguu. Nilijua wakimkataa atarudi nyumbani. Nilimtaka nyumbani, Nabwire. Sikujua atakwenda kule. Alipokimbilia wale, nikaona kweli ametuacha, na nikakasirika kweli."

"Na mimi? Miaka yote hii unanisikia nikimtukana?"

"Hukuniuliza," baba alisema.

Nilitua kapu. Nilikuwa mwanamke mwenye watoto wanne, lakini niliketi chini kama yule mtoto waliyemcheka shuleni. Baada ya muda akauliza kwa sauti ndogo, "Anaumwa sana?" Nikasema sana. Akasema, "Kesho nipeleke."

Nilimpeleka. Nilimpandisha nyuma ya baiskeli ya kukodi, mimi nikafuata kwa nyingine, tukavuka mpaka na kuchukua gari la Funyula. Njia nzima nilijiuliza atasema nini, atapiga magoti au atalia, na Egesa atampokea au atageukia ukuta. Nilikuwa nimejitayarisha kusimama katikati yao.

Baba aliingia, akaweka kofia juu ya meza, akakaa pembeni ya kitanda. "Egesa," alisema. "Umekonda."

"Nawe umekuwa na kipara," Egesa alisema.

Kuhusu miaka ile yote, hayo ndiyo waliyoambiana. Baba akauliza habari za ng'ombe, Egesa akajibu. Egesa akauliza nani sasa analima lile bonde la chini, baba akamwambia. Halafu mmoja akakumbuka jinsi walivyokuwa wakimwibia nyanya karanga za mbegu, na mwingine akamsahihisha kwamba hazikuwa karanga, zilikuwa ufuta, na wakaanza kucheka, baba mpaka akafuta macho kwa leso. Nilisimama pale ndani na hakuna aliyenitazama. Hakuna aliyesema Nabwire naye aliitwa mtoto wa Yuda, au kwamba alichukia kwa niaba yetu mpaka amekuwa mtu mzima.

Nilitoka nikakaa kwenye gogo karibu na jiko. Mke wa Egesa aliniletea chai. "Mbona hukai nao?" aliuliza. "Leo ni siku ya furaha."

"Waache wazungumze," nilimwambia.

Alirudi ndani, akaacha mlango wazi. Niliwasikia wakicheka tena. Chai ilikuwa ya moto na ilikuwa na sukari nyingi, kama wanavyopika upande ule. Niliinywa yote, kisha nikaosha kikombe, nikakifunika juu ya kichanja, nikaanza kutembea peke yangu kuelekea barabara.